Uso wa Ukumbi

Nyundo ilikuwa imelazwa mezani kati ya birika la chai na bakuli la sukari. Ilikuwa mpya, mpini wake bado ukinukia mti, na shingoni imefungwa utepe mwekundu kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Mwanawe aliileta mwenyewe, akaiweka pale taratibu, kisha akasimama nyuma ya kiti akingoja kusikia mama yake atasema nini.

"Ndiyo hii?" mama aliuliza.

"Ndiyo hii. Pigo la kwanza utapiga wewe, Mama. Niliomba, wakakubali. Leo alasiri, wakuu wote wakiwepo."

Mama aliinyanyua, akaipima mkononi kama anavyopima kabichi sokoni, akairudisha. "Imeizidi ya baba yako uzito," alisema. "Lakini ile ya baba yako mpini ulikuwa umeliwa na kiganja. Ukiishika unajua mwenyewe amekwenda kunawa tu, atarudi."

"Mama."

"Silii. Nasema tu. Kunywa chai."

Mwanawe alikuwa mhandisi wa chuo kikuu, msimamizi wa majengo yote, yaliyosimama na yale yaliyokuwa bado karatasini. Siku hiyo ukuta wa nyuma wa ukumbi mkongwe, jengo la kwanza kabisa la chuo, ungeanza kuvunjwa ili upatikane mlango mpana unaotazama barabara. Na ukumbi huo, mji mzima ulijua, ulijengwa na baba yake, na ulijengwa ukiwa umegeuka.

Mambo yalianza hivi. Zamani hizo mahali pale palikuwa patupu, majani marefu, vichuguu na njia nyembamba ya mbuzi, barabara upande mmoja na kilima upande wa pili. Serikali ikaamua pajengwe chuo cha walimu. Kitu cha kwanza kiwe ukumbi, watu wasomee humo, walie chakula humo, na wale wa mwanzo kabisa walale humo humo kwa kupanga magodoro ukutani hadi mabweni yatakapopatikana. Ramani ililetwa kutoka makao makuu, imekunjwa ndani ya mkebe wa bati. Msimamizi wa mafundi alikuwa mume wa mama, kijana bado, ndevu zikiota kwa mafungu.

Asubuhi ya kupiga vigingi hapakuwa na meza. Ramani ikatandazwa juu ya pipa lililopinduliwa, na kwa kuwa upepo ulikuwa unacheza nayo, wakaiwekea mawe kwenye pembe. Upande huu wa pipa alisimama mpima ardhi, upande ule akasimama fundi. Wakaonyeshana kwa vidole, wakakubaliana, wakapeana mikono. Jiwe moja lilikuwa limekaa juu ya mshale mdogo unaoonyesha kaskazini. Mpima akapanda lori akaenda zake, na fundi akavuta nyuzi zake kama karatasi ilivyolala mbele ya tumbo lake, kwa unyoofu ambao hata leo hauna wa kuutia dosari. Mpima aliporudi, kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Alishuka garini, akatazama, akatazama tena, kisha akaomba maji ya kunywa.

Saruji ilikuwa imeshatumika. Siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa. Wakubwa wakateta kidogo pembeni, wakaona heri liwe lilivyo. Ndipo ukumbi ule wenye nguzo na ngazi pana ukatazama kilima, ambako hakuishi mtu, na mji ukaachiwa ukuta wa jiko na vyoo, wenye vidirisha vidogo na bomba la moshi.

Mama alikuwepo siku ya ufunguzi. Alivaa viatu vipya vilivyombana, akasimama barabarani na wake wa mafundi wenzake. Wageni walishuka magarini wakaanza kuuzunguka ukuta wakitafuta pa kuingilia, kama kuku waliofungiwa nje. Mmoja wao, mtu mnene aliyeshika kofia mkononi, akasema kwa sauti, "Jamani, chuo chenyewe kimetupa kisogo!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata mama alianza kucheka, kicheko kikamkwama katikati alipomwona mumewe amesimama kando ya lundo la mchanga, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Akageuka palepale. Hakuuzunguka ukuta, hakuufikia mlango, hakuonja hata soda. Alipofika bombani jioni kuchota maji, jina lilikuwa limeshamtangulia.

"Karibu, mke wa Kisogo! Angalia usiijaze ndoo upande wa chini!"

Basi mume akawa Kisogo, naye mke wa Kisogo, na mtoto alipozaliwa akawa wa Kisogo kabla hajapata jina lake mwenyewe. Alipoanza shule, wenzake walikuwa na mchezo wa kumsalimia kwa kumpa mgongo, darasa zima, wakimwamkia kwa adabu zote huku wametazama ubaoni. Alirudi nyumbani siku hiyo akauliza, "Mama, kwani jengo haliwezi kugeuzwa?" Mama alimwambia ale kwanza. Lakini swali halikuliwa; lilibaki, likasoma naye hesabu, likafaulu naye mitihani, na sasa lilikuwa limekaa mezani limefungwa utepe mwekundu.

Mumewe hakulizungumza jambo lile. Alichofanya ni kujenga nyumba yao ikitazama barabara kwa ukaidi, mlango umenyooka na njia kiasi kwamba mvua ya upepo ilikuwa ikiingia sebuleni bila hodi. "Hii haikukosewa," mama alikuwa akimtania akipangusa maji, naye alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Chuo kilimweka awe fundi wake wa kudumu. Na chuo kikakua. Likaja jengo la maktaba, zikaja maabara, yakaja mabweni ya wasichana na ya wavulana, na kila jengo jipya lilijipanga kwa kufuata lile la kwanza, kama wadogo wanaoiga mwendo wa kaka yao. Siku moja bango likabadilishwa, chuo kikaitwa chuo kikuu, wakaja madaktari wa kufundisha madaktari, likainuka na ghorofa la vioo. Mama aliyaona yote kutoka barabarani, akienda sokoni na kurudi. Aliona mabomba, mapipa ya taka, madirisha ya vyoo, soksi za wanafunzi zilizoanikwa. Aliujua mgongo wa chuo kama alivyoujua mgongo wa mumewe alipoinama kunawa miguu jioni, saruji imemganda kwenye kope.

Jioni moja kama hiyo, akiwa ameinama hivyo hivyo, mumewe alisema, "Siku moja uje uone."

"Nije nione nini? Vyoo? Mbona naviona nikipita."

Alicheka, akamalizia kunawa mguu wa pili. Hakumwalika tena, na miaka ikapita, na sasa alikuwa amelala mahali ambapo hakuna mwaliko unaotoka.

*

Walifika mapema kuliko wageni. Viti vilikuwa vimepangwa upande wa barabara, turubai halijafungwa, na jua la baada ya adhuhuri lilikuwa limeupiga ule ukuta mpaka unatoa joto kama tanuri. Mwanawe alikuwa akikimbia huku na huku na simu sikioni, ramani mpya amezibana kwapani. Kabla hajaondoka alimweleza kwa mkono: hapa mlango wa vioo, hapa ngazi mpya, hapa taa. "Na kule nyuma, kwenye nguzo, tunaziba kwa matofali tupate ofisi. Mafundi wa huko wanaanza kesho. Ukumbi utakuwa umegeuka, Mama. Kabisa. Mtu akipita barabarani hatajua kama uliwahi kuwa vingine."

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alisema, na alimaanisha. Alikuwa amelisubiri jambo hilo tangu viatu vile vya kubana.

Lakini kiti kilimchoma. Alivumilia kidogo, akajipepea kwa kipande cha kadi ya mwaliko, kisha akaichukua nyundo yake, maana hakutaka kuiacha kitini kama mwavuli, akaanza kuufuata ukuta akitafuta kivuli. Alipita vidirisha. Alipita bomba la moshi ambalo siku hizi halikutoa moshi. Akaikata kona.

Alisimama.

Upande ule kulikuwa kumepoa. Kivuli cha ukumbi kilikuwa kimeshuka ngazi zote na kuingia majanini. Nguzo zilipanda juu, nyeupe, na kwenye shingo ya kila moja kulizunguka mkanda wa majani yaliyochongwa kwenye lipu kwa ncha ya mwiko, jani moja limelalia jingine. Mama aliyatambua kabla hajajua ameyatambua. Yalikuwa yale yale yaliyo juu ya mlango wa chumba chao cha kulala, ambayo miaka yote alidhani ni mchezo tu wa mumewe siku ambayo saruji ilibaki.

Na mbele ya ngazi, kumbe chuo kilikuwa na uso. Maktaba ilikuwa na madirisha makubwa yanayometameta. Mabweni yalikuwa na baraza, maabara zilikuwa na maua mlangoni, na yote yalitazamana kuzunguka uwanja wa majani, kilima kimeegemea nyuma, kama watu waliovuta viti wakakaa kuzungumza. Soksi na mapipa vilikuwa upande mwingine wa dunia.

Ngazi zenyewe zilikuwa zimejaa wanafunzi. Katikati zilikuwa zimelika kwa nyayo, kila ngazi imebonyea kama mto wa kulalia. Binti mmoja mwenye miwani alikuwa ameushika mkono wa mwenzake, anauchora mifupa kwa kalamu ya wino.

"Tulia! Ukicheka nakuvunja mfupa mmoja, halafu tutasoma vizuri zaidi."

"Dada, unanitekenya!"

"Mkono wenyewe haujawahi kufanya kazi, leo umepata ya kwanza." Akainua macho. "Shikamoo, bibi. Karibu ukae, jiwe hapa limepoa. Sogeeni nyinyi, hamwoni mtu mzima?"

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama alikaa, akailaza nyundo mapajani. Upepo wa kilimani ulimgusa shingo. "Ndipo mnaposomea hapa?"

"Maktaba ikijaa. Na maktaba imejaa tangu sijazaliwa. Hapa ndipo Kisogo, bibi."

Mama aligeuka. "Panaitwaje?"

"Kisogo. Usiniulize kwa nini, tumepakuta panaitwa hivyo. Ukimwambia mtu tukutane Kisogo, hapotei. Dada yangu alichumbiwa ngazi ile pale, na mimi nimefeli nikalia hapa, nikafaulu nikalia hapa hapa."

"Kulia anajua," alisema yule wa mkono. "Lakini wanapaziba. Yule mhandisi ameleta matofali, hayo hapo. Ofisi!"

"Ofisi zimejaa mpaka hazina wa kukaa ndani," binti alisema. "Huyo mtu sijui ana ugomvi gani na jengo hili."

"Labda lilimwangukia utotoni!"

Wakacheka. Mama alitazama lundo la matofali kando ya nguzo, mapya, mekundu, yamepangwa vizuri kama mwanawe apendavyo kupanga vitu. "Lilimwangukia kweli," alisema polepole, na kwa kuwa hakucheka, kicheko chao kikaishia hapo.

Hapo ndipo aliposikia kipaza sauti kikikohoa upande wa barabara, na mwanawe akitokea konani amelowa jasho. "Mama! Nimekutafuta kila mahali. Wanakungoja."

*

Mkuu wa chuo alizungumza kuhusu mwanzo mgumu na kesho njema. Alisema chuo kimeamua kuutazama mji, na watu wa mji waliokuja kushuhudia wakapiga makofi, maana ni kweli kwamba hawakuwahi kutazamwa. Mama aliwaona: muuza mboga wake, fundi cherehani, watu wazima ambao utotoni walimpa mwanawe mgongo. Wote walikuwa wamepita hapa maisha yao yote bila kuingia, kama yeye. Aliwaza, hawa nao wanastahili mlango. Hilo halina ubishi. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama wima, mikono nyuma, kidevu kimeinuka kama siku ile alipovaa sare ya shule kwa mara ya kwanza, kabla hawajamsalimia.

Utepe ukafunguliwa. Mama akapiga.

Nyundo iliruka ikamrudia karibu impige usoni, na ukuta ukatoa ganda dogo la lipu, dogo kama ukucha.

"Loo!" fundi mmoja alipayuka nyuma. "Mzee yule alichanganya saruji na hasira!"

Watu walicheka, lakini kicheko hiki hakikuwa na mwiba, na mama naye alicheka, mara hii mpaka mwisho. Akapiga tena, lipu ikamwagika, makofi yakavuma. Mhudumu wa itifaki, msichana mwenye sketi ya kubana, akanyoosha mikono aipokee nyundo ikahifadhiwe.

"Bado sijamaliza nayo," mama alimwambia kwa upole, akaibana kwapani, akaondoka kuufuata ukuta.

Mwanawe alimfikia akiwa ameshakaa pale pale alipokuwa, kando ya binti wa miwani. Alisimama chini ya ngazi, sauti ameibana. "Mama, watu wanakutazama. Mkuu anauliza kama unaumwa."

"Mwambie siumwi. Nimekuja kuona. Nilialikwa zamani, nimechelewa."

Yeye hakuelewa, au alielewa kidogo, maana alitazama pembeni. Wanafunzi walikuwa wamegundua huyu ni nani. Yule wa mkono alianza kuifuta mifupa yake kwa mate.

"Umewahi kukaa hapa?" mama aliuliza.

"Nafanya kazi hapa, Mama."

"Nimeuliza kukaa."

Alizihamishia ramani kwapa la pili. Upepo ulipita. "Nikifika upande huu," alisema mwishowe, "namwona Baba anachekwa. Ndicho ninachokiona. Nilitaka siku moja wewe uingie kwa mlango wa mbele, bila kuzunguka kama mwizi. Hilo tu."

"Mimi pia nilikuwa namwona hivyo, wala sijawahi kufika." Alinyoosha nyundo juu. "Yatazame majani yale shingoni mwa nguzo. Yako wapi mengine?"

Mwanawe aliinua macho. Alikuwa amezipima nguzo zile kwa mita, juu, chini, upana, na umbali wa kuziba kati ya moja na nyingine. Alitazama kwa muda.

"Juu ya mlango wa chumbani kwenu," alisema.

"Nilidhani alikuwa anamalizia saruji."

Toka upande wa barabara nyundo nyingine zilikuwa zimeanza, nzito, za wanaume. Mlango wa mji ulikuwa unafunguka. Mama alizisikiliza bila uchungu.

"Ukuta ule acha wauvunje," alisema. "Wauvunje vizuri, watu waingie. Lakini wakishaingia, mwanangu, watokee wapi?"

"Baraza limeshapitisha, Mama. Ofisi, matofali, kila kitu."

"Nani alilipelekea baraza?"

"Mimi."

"Basi njia unaijua."

Binti wa miwani aliona kitu cha maana sana kwenye mkono wa mwenzake, akainamia huko. Mhandisi akazichomoa ramani kwapani, akaikunjua moja, akaitandaza juu ya ngazi miguuni pa mama yake, naye akabaki amesimama chini, ameinama, kidole hewani. "Tazama. Ofisi zinakaa hapa mpaka hapa. Nikiziondoa hapa—"

"Usinionyeshe kutoka huko," mama alisema. "Njoo upande huu."

Alisita. Binti akavuta mkoba wake bila kuambiwa, nafasi ikapatikana. Mhandisi alipanda, akageuka, akaketi kwenye lile bonyeo katikati ya ngazi, suruali yake safi na yote, na kwa mara ya kwanza alikitazama kilima akiwa ameketi. Karatasi ililala mbele ya wote wawili. Upepo ukainyanyua pembe yake, ukataka kuichukua.

Mama aliiwekea nyundo. Kisha akainama, akachungulia, akaisogeza nyundo kando kidogo, mpaka mshale ule mdogo ukaonekana wote. Mwanawe alikuwa akipapasa mfukoni, akitafuta penseli.